Kapteni Joubert

Leopold Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Alipokuwa kijana wa miaka 18, Waitalia walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, na Baba Mtakatifu Pius IX alihitaji askari. Joubert akaenda. Katika vita vya Castelfidardo akajeruhiwa, akashikwa mateka. Alipopona akarudi Roma, akashika bunduki tena mpaka mwaka 1870.

Mwaka 1880 akaja Afrika mara ya kwanza pamoja na Mapadri Weupe, na mwaka 1887 akakaa Mpala, kando ya ziwa Tanganika. Nchi ile ilikuwa nchi ya kilio. Watu wa Rumaliza walichoma vijiji, wakafunga kamba wanawake na watoto, wakawavusha ziwa kwenda kuwauza. Kapteni akafundisha vijana wa pale kupiga bunduki, naye akatangulia mbele yao, ijapokuwa adui walikuwa wengi. Waliokimbia utumwa wakajenga karibu naye.

Mwaka 1888 akamwoa Agnes, binti wa nchi ile, kwa ndoa ya Kanisa. Wazungu wengi wa siku zile walichukua wanawake, kisha wakawaacha na kwenda zao. Yeye hakurudi Ulaya tena. Alifia katika nchi ile ile mwaka 1927, mzee wa miaka 85.

Mtoto wao Albert, aliyezaliwa mwaka 1908, akawa padri. Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, waasi walimwua Fizi. Mwaka 2024, huko Uvira, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.