Siti binti Saad: Sauti iliyoipa gramafoni ulimi wa Kiswahili

KATIKA nyumba za Tononoka, Majengo na Mji wa Kale, kisiwani Mombasa, si ajabu siku hizi kukuta televisheni bapa iliyounganishwa na intaneti, au spika ndogo inayopokea muziki kutoka kwenye simu pasipo waya wowote. Vijana huvizungumzia vyombo hivyo kana kwamba burudani ya mitambo imebisha hodi pwani jana.

Ukweli ni kwamba mlango huo ulifunguliwa karibu karne moja iliyopita, na aliyeufungua hakuwa fundi wala mfanyabiashara. Alikuwa mwanamke wa Unguja, mzaliwa wa wazazi wenye asili ya utumwa, ambaye hakupata elimu ya darasani. Jina lake ni Siti binti Saad.

Mtambo uliokuwa mpya zama hizo ni gramafoni. Ulikuwa umekwisha kufika Afrika Mashariki kabla ya Siti kupata umaarufu, lakini santuri zilizouzwa nao ziliimba kwa Kiarabu, Kihindi na lugha za Ulaya. Mswahili aliyekuwa na fedha za kuununua aliweza kuusikiliza, ila haukuzungumza naye.

Siti ndiye aliyeubadilisha mtambo huo ukawa chombo cha nyumba ya Mswahili.

Mtoto wa Fumba

Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake alikuwa Mzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na jina hilo peke yake latosha kueleza hali ya familia aliyozaliwa.

Wakati huo utumwa ulikuwa bado unatambuliwa na sheria za Zanzibar. Ulifutwa mwaka 1897, Siti akiwa kijana. Katika ukanda wa pwani ya Kenya, ikiwemo Mombasa, amri kama hiyo ilikuja mwaka 1907. Hata hivyo, kufutwa kwa sheria hakukufuta dharau. Aliyetoka katika ukoo wa watumwa aliendelea kukumbushwa asili yake barabarani na hata harusini.

Kazi ya awali ya Siti ilikuwa ufinyanzi. Alitengeneza vyungu pamoja na jamaa zake, kisha akavichukua kwa miguu hadi mjini kuviuza. Njiani alivinadi kwa kuimba, na inasimuliwa kwamba sauti yake ilitangulia kufika kabla ya vyungu vyenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini Zanzibar. Alikuwa amekwisha kuolewa na kupata mtoto, na umri wake ulikuwa umevuka miaka thelathini. Kwa desturi za siku zile, huo haukuwa umri wa mwanamke kuanza maisha mapya, sembuse kuanza kujifunza uimbaji.

Kutoka Kiarabu hadi Kiswahili

Muziki wa taarabu ulikuwa na heshima ya kifalme. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma mwanamuziki nchini Misri kujifunza fani hiyo ili aje kulitumbuiza jumba lake. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, nacho kikaimba kwa Kiarabu. Taarabu ilikuwa burudani ya wanaume wa tabaka la juu, katika lugha ambayo wengi wa raia hawakuielewa.

Mmoja wa wanamuziki wa mjini, Muhsin Ali, aliisikia sauti ya Siti akatambua thamani yake. Alimfundisha kuimba na kutamka Kiarabu sawasawa. Baadaye Siti aliungana na wanamuziki wengine, wakiwemo Maalim Shaaban, Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo na Mbaruk Talsam. Huyo wa mwisho alitokea Mombasa, na kwa hiyo mji huo ulikuwa na mtu wake katika kundi hilo.

Kundi lilifanya mazoezi nyumbani kwa Siti, katika mitaa ya Ng'ambo, upande wa mji walioishi maskini na wazao wa watumwa. Aliweza kuimba Kiarabu mbele ya sultani na mabwana wakubwa, lakini Ng'ambo aliimba Kiswahili, lugha ya majirani zake.

Hapo ndipo kejeli zilipozidi. Washindani walimtungia maneno ya kumsuta kwa sababu ya sura yake, umaskini wake na asili yake ya shamba. Naye alijibu kwa wimbo, akieleza kwamba thamani ya mtu imo katika akili na tabia, wala haimo katika uzuri wa uso. Alizoea pia kujifunika uso alipoimba, wasikilizaji wakabaki na sauti peke yake.

Tabia hiyo ya kuitenga sauti na sura ilikuwa kama utabiri. Muda si muda ungefika mtambo ambao ungeitenga sauti hiyo hata na mwili wenyewe, uivushe bahari.

Safari ya Bombay

Mwezi Machi mwaka 1928, Siti na wenzake walipanda meli kuelekea Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai. Walikuwa wamealikwa na kampuni ya Gramophone ya Uingereza, iliyouza santuri kwa nembo ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa aliyeinamia pembe ya gramafoni. Kampuni hiyo ilikuwa na tawi kubwa nchini India.

Kundi hilo lilirekodi nyimbo 98 kwa Kiswahili. Siti alikuwa na umri unaokaribia miaka hamsini.

Msomaji wa leo, aliyezoea kurekodi wimbo kwa simu akiwa kitandani, huenda asitambue ugumu wa kazi ile. Sauti ilichongwa kwenye nta, na mwimbaji alipokosea ilibidi kuanza upya. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, uliweza kubeba kiasi cha dakika tatu tu za muziki.

Taarabu haikuumbwa kwa kipimo hicho. Wimbo mmoja harusini huweza kwenda robo saa na zaidi, mwimbaji akirudia beti na watazamaji wakituza. Mbele ya mtambo, Siti alilazimika kuchagua beti zipi zibaki na zipi ziachwe. Kwa upande huo, mashine ilimnyang'anya kitu. Lakini ilimrudishia kingine kikubwa zaidi, yaani masikio ya watu ambao asingeonana nao maishani.

Wateja wapatikana

Gramafoni ya wakati huo haikuhitaji umeme. Mwenyewe aliuzungusha mkono wa kutia ufunguo hadi springi ikakaza, akaweka santuri, kisha akateremsha sindano ya chuma. Sindano ilichakaa upesi na ilifaa kubadilishwa kila mara. Santuri nazo zilikuwa rahisi kuvunjika. Hata hivyo, kutohitaji umeme kuliufaa sana mtambo huo katika miji na vijiji ambako taa ya koroboi ndiyo iliyotawala.

Wengi hawakuwa na uwezo wa kuimiliki gramafoni. Jambo hilo halikuwanyima muziki. Mwenye mkahawa aliyeweka gramafoni alipata wateja waliokaa na kikombe kimoja cha kahawa ili wamsikilize Siti. Jirani aliyemiliki mtambo hakuweza kuusikiliza peke yake, maana sauti ilitoka dirishani ikawafikia waliokaa barazani.

Hesabu za mauzo zaonyesha nguvu ya Kiswahili sokoni. Kufikia Juni 1929, yaani mwaka mmoja na ushei baada ya safari ya kwanza, takribani santuri 23,000 zilikuwa zimeuzwa. Kufikia mwaka 1931, idadi ilikuwa imevuka 72,000. Siti na wenzake walirudi Bombay, na nyimbo walizorekodi kati ya mwaka 1928 na 1931 zilizidi 250.

Kampuni nyingine zilitambua kwamba hapa kuna biashara. Columbia ilituma mafundi wake Afrika Mashariki mwaka 1930, badala ya kusubiri waimbaji wavuke bahari. Lakini mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulikausha mifuko ya wanunuzi, na kipindi hicho cha neema hakikudumu.

Gazeti la wasiojua kusoma

Umaarufu wa Siti haukutokana na uzuri wa sauti pekee. Nyimbo zake zilibeba habari. Katika zama ambazo wakazi wengi hawakujua kusoma, kundi lake lilifanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na gazeti.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wimbo wa Kijiti. Wimbo huo ulisimulia kisa cha kweli cha mwanamke mja mzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyechukuliwa ngomani kisha akauawa kikatili. Mtuhumiwa alitorokea bara, ilhali wanawake waliofuatana na marehemu ndio waliofikishwa mahakamani na kuadhibiwa. Siti aliliimba jambo hilo hadharani, akaiacha hukumu mikononi mwa wasikilizaji.

Aliimba pia kuhusu wenye vyeo waliotiwa hatiani kwa wizi wa fedha, kuhusu waume wenye mikono mizito, na kuhusu matajiri waliodhani sheria haiwagusi. Maneno kama hayo yakisemwa barazani husahaulika asubuhi. Yakichongwa kwenye santuri, hurudiwa kila mtu anapotia ufunguo.

Hapo ndipo ulipo uzito wa maisha ya Siti. Mtambo uliotengenezwa ng'ambo, ukauzwa na kampuni iliyotafuta faida, ulitumiwa na mwanamke asiye na cheo kuyaweka malalamiko ya wanyonge mahali ambapo hakimu wala mkuu wa serikali asingeweza kuyafuta.

Urithi wake Mombasa

Njia aliyoifungua Siti ilipitiwa na wengi, na Mombasa ikawa miongoni mwa vituo vyake vikuu. Katika miaka ya 1950, kituo cha redio cha Sauti ya Mvita kilirusha taarabu hadi majumbani. Baadaye, duka la Assanand and Sons lilitoa santuri kwa nembo ya Mzuri, na wasanii wa Mombasa hawakulazimika tena kusafiri hadi India ili sauti zao zihifadhiwe.

Zilipoingia kaseti, Mbwana Radio Service ya mjini Mombasa ikawa mashuhuri kwa kurekodi na kuuza taarabu. Kwa njia hizo, sauti za akina Zein l'Abdin, Maulidi Juma, Matano Juma na Zuhura Swaleh zilienea pwani nzima. Kila chombo kilichofuata, kuanzia redio hadi kaseti na sahani za CD, kilikuta soko ambalo Siti alikuwa amekwisha kulithibitisha.

Siti mwenyewe aliendelea kuimba hata alipozeeka. Alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950, akiwa na umri wa takribani miaka sabini. Kabla ya kufa, alizungumza na mwandishi Shaaban Robert, ambaye wasifu wake wa Siti ulichapishwa mwaka 1958 na kuwa miongoni mwa vitabu vinavyoheshimika katika fasihi ya Kiswahili. Aliyezaliwa kwa jina la Mtumwa akaingia katika maktaba kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Nyimbo zake hazikuzikwa naye. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana duniani kama Bi Kidude, aliziimba hadi alipofariki mwaka 2013. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Mafunzo ya maisha hayo hayajachakaa. Mitambo ya burudani hubadilika kila msimu, na aghalabu hubuniwa mbali na Afrika Mashariki. Ya leo husikiliza na hata kujibu inaposemeshwa. Lakini historia ya gramafoni yaonyesha kwamba chombo hakiwi cha watu kwa sababu kimefika dukani. Huwa chao pale wanapokitia maneno yao, kwa lugha yao, kuhusu mambo yanayowasibu.

Kampuni ya Gramophone ilikuwa na mitambo, mafundi na meli za kusafirishia bidhaa. Ilichokosa ni sauti ambayo Mswahili angeiacha kazi yake ili aisikilize. Sauti hiyo ilitoka kwa mfinyanzi wa Fumba.