Al-Khalil bin Ahmad, aliyeifanya kanuni isake kosa

Kila mtoto aliyekaa chuoni na ubao wake magotini, iwe ni Mambrui, Malindi, Takaungu au Kilifi penyewe, amefundishwa kazi ya mtu huyu kabla hajajua kuandika jina lake mwenyewe. Ile fat-ha inayolala juu ya herufi, ile kasra iliyo chini yake, ile dhumma mfano wa wau ndogo, na ile shada yenye meno, zote zanasibishwa na Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi. Kabla yake irabu za mas-hafu zilionyeshwa kwa nukta za rangi, mtindo ulioanzishwa na Abul-Aswad Ad-Du'ali, na mwandishi alihitaji wino zaidi ya mmoja. Al-Khalil akaziondoa rangi, akaweka alama ndogo zilizotokana na umbo la herufi zenyewe. Kwa kalamu moja na wino mmoja kazi ikawa imekwisha.

Washairi nao wana deni lake. Tunaposema kuwa utungo fulani ni wa bahari fulani, neno hilo bahari ndilo alilolitumia yeye kwa mizani za Kiarabu. Na beti ni bait, yaani nyumba au hema. Kweli, sisi twahesabu silabi, nane kwa nane, wala hatufuati mizani zake. Lakini mtu anayelishika shairi la mwenziwe akalihesabu kwa vidole mpaka akaukamata mshororo uliopungua, kazi anayoifanya ni ile ile.

Na ana jamaa wengine wa kazi, ambao huenda wengi wao hawajapata kulisikia jina lake. Ni hawa vijana wetu wanaotunga programu za kompyuta. Siku hizi wanazo programu za kuzichungua programu zao: huwaambia mahali palipoandikwa jambo moja mara mbili, na mahali palipovunjwa ada ya uandishi. Tutafika huko. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Wapokezi wengi wasema alizaliwa Omani mwaka 100 wa Hijra, yaani 718 Miladia, katika watu wa Farahidi wa kabila la Azd, akakulia Basra. Basra ya zama hizo ilikuwa bandari na mji wa elimu, mji ambao wageni waliosilimu walikuwa wengi na Kiarabu chao kilikuwa cha kuungaunga. Makosa ya matamshi yaliingia hata katika usomaji, na hili ndilo lililowakosesha maulamaa usingizi. Al-Khalil alisoma kwa Abu Amr bin Al-Ala, mmoja wa wale wasomaji saba wa Qurani wanaojulikana, na kwa Isa bin Umar. Wanafunzi wake mwenyewe walikuwa watu wazito: Sibawayh Muajemi, ambaye kitabu chake cha nahau kimejaa maoni ya mwalimu wake, na Al-Asmai, na An-Nadhr bin Shumayl.

Aliishi katika kibanda cha matete. Yasimuliwa kwamba liwali wa Ahwaz, jina lake Sulayman, alimpelekea mjumbe ili aende akamfundishe mwanawe. Al-Khalil akamtolea yule mjumbe mkate mkavu, akamwonyesha kuwa maadamu anao huo hamhitaji Sulayman. Liwali akakasirika akamkatia posho yake, kisha akajuta akamrudishia maradufu. Wanafunzi wake walipata mali kwa elimu waliyoichota kwake, na yeye akabaki pale pale kwenye matete yake.

Elimu iliyompa jina kuliko zote ni arudhi, elimu ya mizani za mashairi. Wengine husema alikwenda Makka akamwomba Mola ampe elimu ambayo hakuna aliyemtangulia kwayo. Wengine husema alikuwa akipita soko la wafua shaba pale Basra, akasikia nyundo zikigonga kwa mpigo, akatambua kuwa beti nayo yagonga hivyo. Mimi naipenda hii ya nyundo, ingawa Wayunani waliisimulia zamani kuhusu Pythagoras na mhunzi wake. Hadithi nazo hunakiliwa, na anayenakili hubadilisha jina tu.

Njia yake ilikuwa hivi. Chukua beti, uiandike kama inavyosikika sikioni. Maana yake iweke kando: awe mshairi amemsifu mfalme au amemlilia ngamia, hayo hayakuhusu. Yabakie mambo mawili tu, herufi iliyotiwa harakati na herufi iliyotulia. Ukizipanga hizo kwa zamu zake utapata vipande, vingine akaviita kamba na vingine vigingi, kwa sababu beti ni hema na hema husimama kwa kamba na vigingi. Vipande hivyo huungana kuwa nguzo, na nguzo kuwa bahari. Alizipanga bahari 15 katika duara tano. Ya kumi na sita yasemekana iliongezwa na Al-Akhfash baada yake.

Tazama faida yake. Beti mbili zisizoshirikiana neno hata moja, ukizivua maneno yake, waona kuwa ni umbo moja. Na beti iliyovunjika hujulikana ilipovunjika, herufi ya ngapi, pasi na kubishana juu ya nani ana sikio zuri. Mwanawe siku moja alimkuta akijisemea vipande hivyo peke yake, akatoka mbio kuwaambia watu kuwa babake amepata wazimu.

Jambo moja walikosea waliomfanya mtu mkavu wa kanuni. Al-Khalil alijua kuwa washairi wakubwa hupunguza herufi hapa na pale, na beti isichafuke. Hayo akayaita zihafu, akayaandikia hesabu yake: hili laruhusiwa, hili lachukiza kidogo, hili limeivunja beti. Kanuni isiyojua tofauti hizo ni kelele tu, na mshairi ataizoea asiisikie tena.

Kisha akaigeukia lugha nzima. Alitaka kitabu kitakachokusanya maneno yote ya Waarabu, lisipotee moja wala lisirudiwe. Angefanyaje? Kuwauliza watu wa majangwani neno moja moja hakuna mwisho, wala hujui umesahau nini. Basi akaanza na hesabu. Herufi ni 28. Ukizipanga mbili mbili bila kurudia herufi, mipango ni 756. Tatu tatu ni 19,656. Nne nne ni 491,400. Tano tano ni 11,793,600. Jumla, ambayo wapokezi wanamnasibisha nayo, ni 12,305,412. Ndani ya hiyo limo kila shina la namna hiyo linaloweza kuwako. Kazi iliyobaki ni kutenga yanayotumika na yaliyoachwa.

Marudio nayo aliyazuia kwa hila nzuri. Herufi hakuzipanga kuanzia alifu, bali kwa mahali zinapotokea, kuanzia kooni hadi midomoni, na mlango wa kwanza akaufanya wa aini. Ndiyo sababu kitabu kikaitwa Kitab al-Ayn. Kila shina laingia katika mlango wa herufi yake iliyo ndani zaidi, pamoja na mageuzo yake yote. Twaa kafu, te na be, zilizotuletea kitabu, katibu na maktaba. Herufi tatu hizo zageuka mara sita. Zote sita huwekwa mlango wa kafu, mahali pamoja. Ukifika mlango wa te au wa be huzikuti tena, kwani nafasi yao hukuachiwa. Haikumlazimu kutafuta neno lililorudiwa kwa kupekua kurasa. Utaratibu wenyewe haukuliruhusu liandikwe mara mbili.

Hapa ndipo watunzi wa programu wanapoingia. Tuseme zahanati ina programu ya kukadiria dozi ya mtoto kwa uzito wake. Mtunzi ameiandika hesabu hiyo mara moja, kisha kwa haraka akainakili kwenye ukurasa wa famasi, na tena kwenye ule wa wodi. Siku moja yaonekana hesabu ina kosa. Anarekebisha pale alipoonyeshwa. Nakala mbili zilizobaki zaendelea na kosa lao kimya kimya, na mtoto wa wodini hupewa dozi ya jana. Jicho la mwanadamu haliwezi kuzikamata nakala hizo ndani ya mistari laki moja, hasa ikiwa aliyenakili alibadilisha majina.

Mwaka 1978 huko Bell Labs, Marekani, Stephen Johnson alitunga programu aliyoiita lint, jina la vinyuzi vinavyoganda nguoni. Huisoma programu nyingine bila kuiendesha, ikataja panapotiliwa shaka. Katika miaka ya 1990, hapo hapo Bell Labs, Brenda Baker alitunga nyingine ya kusaka marudio: iliweza kuvitambua vipande viwili kuwa ni kimoja hata kama majina yamebadilishwa, mradi yamebadilishwa kwa mpango mmoja. Nyingi zilizofuata huukatakata msimbo vipande vidogo, huyavua majina yake, hulinganisha mfuatano uliobaki. Arudhi tupu! Na dosari yake ni ile ile ya arudhi mikononi mwa mwalimu mbaya: chombo chajua kuwa kitu kimerudiwa, hakijui kwa nini. Kibwagizo nacho hurudiwa, na hakuna anayekifuta. Hukumu hiyo yabaki kwa mtu.

Kitabu chenyewe kilipata msiba. Yasimuliwa kwamba Al-Khalil alimpa zawadi mwanafunzi wake Al-Layth bin Al-Muzaffar wa Khurasani, aliyekipenda mno. Al-Layth akanunua kijakazi mzuri, mkewe akaona wivu, akaazimia kumwumiza mume pale panapouma: akakitia kitabu motoni. Nakala nyingine hakuna, na mwalimu amekwisha kufa. Al-Layth alikuwa amehifadhi nusu tu. Akaiandika hiyo, kisha akawakusanya maulamaa wajaribu kuijaza nusu ya pili kwa mfano wa ya kwanza. Ndipo yakaingia makosa, na mabishano kuhusu nani hasa aliyeandika nini hayajesha hata leo. Az-Zubaydi wa Andalusia, aliyefariki 989, alikifupisha kitabu hicho, na akaandika kingine cha kuyasahihisha makosa yake. Waliokishambulia walikuwa wengi, na wengi wao kamusi zao walizijenga juu ya msingi wake.

Mauti yake yasimuliwa hivi. Katika uzee wake alikuwa akitafuta njia nyepesi ya hesabu, nyepesi kiasi kwamba kijakazi asiyesoma aweza kwenda kwa muuza duka akatambua papo hapo kuwa amedhulumiwa. Aliingia msikitini akiwa amezama katika fikira hiyo, hakuiona nguzo iliyo mbele yake, akajigonga, akaanguka. Wengine husema alikuwa akipima beti. Mwaka nao wabishaniwa, 170 au 175 wa Hijra, yaani baina ya 786 na 791 Miladia. Mungu amrehemu. Hesabu ile ya kijakazi akafa nayo.