Dk. Williamson wa Mwadui: Aliyekataa kupangiwa bei ya almasi

Mkulima wa alizeti wa Kongwa au Iramba anayajua machungu ya kupangiwa bei. Mnunuzi anafika na gari lake, mizani yake na bei yake. Mwenye mali anabaki na mambo mawili tu: akubali, au arudishe magunia ndani. Wengi wetu tunadhani hayo ni matatizo ya mazao peke yake. Lakini historia ya nyanda zetu za kati inaonyesha kwamba hata almasi, jiwe linalotamaniwa na dunia nzima, iliwahi kuuzwa kwa mtindo huo huo. Alikuwapo mtu mmoja aliyekataa.

Mtu huyo ni Dk. John Thorburn Williamson, mwanzilishi wa mgodi wa Mwadui mkoani Shinyanga. Wazee wengi wa Usukuma bado wanalikumbuka jina lake. Wanaomkumbuka humtaja kama tajiri wa almasi. Ni wachache wanaomtaja kama mfanyabiashara aliyejua kulinda bei, na hapo ndipo lilipo somo kwa mkulima na mchuuzi wa leo.

Kijana wa Quebec

Williamson alizaliwa Februari 1907 katika kijiji cha Montfort, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alisoma Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal na kuchukua shahada ya udaktari wa jiolojia mwaka 1933. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi duniani na kazi zilikuwa za shida. Akaja Afrika, akafanya utafiti wa madini Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akahamia Tanganyika kufanya kazi katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Mabuki hapakuwa na utajiri mkubwa. Hata hivyo Williamson aliamini kwamba almasi zilizokuwa zikiokotwa huku na huku katika eneo lile zilikuwa na chimbuko lake mahali fulani jirani. Alipoachana na kampuni iliyomwajiri, aliendelea kutafuta kwa nguvu zake mwenyewe. Fedha zilimwishia, homa zikamsumbua, madeni yakaongezeka. Aliyemshika mkono ni mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra, ambaye alimkopesha na baadaye akawa mbia wake.

Mnamo Machi 6, 1940, jitihada hizo zilizaa matunda. Huko Mwadui, katika mbuga kavu zenye mibuyu kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga, walikuta almasi. Utafiti ulipoendelea ikabainika kuwa chini ya ardhi ile kulikuwa na bomba la mwamba wa kimbaliti, yaani mwamba unaobeba almasi, lenye ukubwa wa hekta zipatazo 146 kwa juu. Ni mojawapo ya mabomba makubwa kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1942 kampuni ya Williamson Diamonds Limited ikaanzishwa.

Soko lenye mlango mmoja

Kupata mali ni jambo moja na kuiuza ni jambo lingine. Wakati ule biashara ya almasi ghafi duniani ilishikwa na kundi la De Beers, chini ya Sir Ernest Oppenheimer wa Afrika Kusini. Kundi hilo lilinunua mawe kutoka karibu migodi yote mikubwa, likayachambua London kwa ukubwa, umbo, rangi na usafi, kisha likawauzia wanunuzi wachache walioteuliwa. Mnunuzi alipewa boksi lenye bei iliyokwisha pangwa. Alichukua boksi zima au aliliacha.

Siri ya mfumo huo ilikuwa rahisi. Mawe mengi yakimwagwa sokoni kwa pamoja, bei inaanguka. Mawe yakitolewa kidogo kidogo, watu wanaendelea kuamini kuwa almasi ni adimu na kwamba ni halali kuilipia fedha nyingi. Mwaka 1947 wakala wa matangazo wa De Beers huko Marekani alianza kutumia kaulimbiu iliyoifananisha almasi na mapenzi yasiyokwisha. Kuanzia hapo bei kubwa ikawa sehemu ya bidhaa yenyewe. Mchumba hakutaka pete ya bei chee, kwa sababu urahisi wa bei ungesema kitu kibaya juu ya mapenzi ya mtoaji.

Williamson alijikuta katikati ya mfumo huo. Alikuwa na mgodi mkubwa, lakini mnunuzi wa maana alikuwa mmoja, na mnunuzi huyo ndiye aliyekuwa na wathamini wake.

Jiwe la waridi

Oktoba 1947 lilipatikana Mwadui jiwe ambalo halikufanana na mengine. Lilikuwa almasi ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati 54.5. Kwa mizani yetu ya kawaida hiyo haifiki hata gramu 11. Almasi ya rangi hiyo, kwa ukubwa huo na usafi huo, ni kitu cha nadra sana.

Williamson angeweza kuliuza. Badala yake alilitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba 20, 1947. Mwaka uliofuata jiwe lilikatwa London likabaki karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka ambao Elizabeth alitawazwa rasmi kuwa Malkia, kampuni ya Cartier ililiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua, likizungukwa na almasi nyeupe zipatazo 200.

Hebu tulitazame jambo hili kwa jicho la biashara. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka miwili tu kabla, na magazeti ya dunia yalikuwa na njaa ya habari za furaha. Harusi ile ilikuwa habari kubwa, na pamoja nayo likasafiri jina la mgodi wa Tanganyika ambao watu wachache walikuwa wameusikia. Williamson mwenyewe alikuwa mtu mpole, mseja, asiyependa makundi ya watu wala kamera. Hata hivyo jiwe lilifanya kazi ambayo yeye asingeifanya. Bruchi ile iliendelea kuonekana kwa miongo mingi, ikiwa ni pamoja na kwenye harusi ya Charles na Diana mwaka 1981. Kila ilipoonekana, ilielezwa ilikotoka. Mwaka 1956 Binti Mfalme Margaret, mdogo wake Malkia, alifika Mwadui kuutembelea mgodi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara methali hiyo ni nusu ya ukweli. Kizuri kilichofichwa kabatini hakijiuzi. Kizuri cha Mwadui kilijiuza kwa sababu kiliwekwa mahali ambapo watu wenye uwezo wa kulipa wangekiona.

Alipofunga ghala

Kuelekea mwaka 1950 Williamson hakuridhika na namna mawe yake yalivyokuwa yakithaminishwa na kununuliwa. Badala ya kulalamika huku akiendelea kuuza, alizuia mali. Uchimbaji uliendelea, lakini almasi zilirundikwa Mwadui badala ya kupelekwa London.

Huo ulikuwa mchezo wa hatari. Mgodi una mishahara, mafuta na mitambo ya kulipia kila mwezi. Lakini De Beers nao walikuwa na hofu yao. Mfumo wao ulitegemea kwamba hakuna mzalishaji mkubwa atakayeuza nje ya mlango wao. Rundo la almasi lililokaa Mwadui bila mwenyewe kuwa na haraka lilikuwa tishio kwa bei ya dunia nzima. Baada ya mazungumzo marefu, ambayo Chopra alikuwa na sehemu kubwa ndani yake, pande mbili zilifikia mkataba mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mawe yakaanza kwenda tena.

Williamson hakuushinda mfumo, kwani mwishowe aliuza kupitia mlango ule ule. Alichopata ni nafasi ya kukaa mezani kama mwenye mali, badala ya kusimama foleni kama mwenye shida.

Upande wa pili

Si haki kuisimulia habari hii kama sherehe tupu. Mwadui uliota mji wenye umeme, maji, hospitali, shule na uwanja wa ndege, lakini ulikuwa mji wenye uzio. Sheria za kikoloni zilimzuia mwananchi kushika au kuuza almasi ghafi bila kibali, hata kama ameiokota katika ardhi ya babu zake. Mawe yalichambuliwa, kukatwa na kung'arishwa ng'ambo. Sehemu kubwa ya thamani iliongezwa mbali na Shinyanga, na huko ndiko ilikobaki.

Williamson alifariki Mwadui Januari 8, 1958 kwa ugonjwa wa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Oppenheimer alikuwa ametangulia Novemba 1957. Mwaka 1958 ndugu wa marehemu waliuza mgodi, na umiliki ukagawanywa sawa kwa sawa kati ya De Beers na Serikali ya Tanganyika. Mlango alioubishia Williamson ukawa ndio wenye nyumba.

Lakini jina halikufa. Mwaka 2021, mgodi ukiwa chini ya kampuni ya Petra Diamonds kwa ubia na Serikali, lilipatikana jiwe lingine la waridi, la karati 32.32. Liliuzwa likiwa ghafi kwa dola za Marekani milioni 13.8, na Petra ikabakiza haki ya kupata asilimia 10 ya faida ya baadaye. Kutokana na jiwe hilo ilikatwa almasi ya karati 11.15 iliyoitwa Williamson Pink Star. Oktoba 2022, wiki chache baada ya kifo cha Malkia Elizabeth, iliuzwa kwa mnada na Sotheby's huko Hong Kong kwa dola milioni 57.7, zaidi ya mara nne ya bei ya jiwe ghafi. Kuna gharama na hatari za kukata, ndiyo. Lakini ona kwamba wauzaji walichagua kulipa jiwe jina la Williamson. Zawadi ya mwaka 1947 ilikuwa bado inapandisha bei miaka 75 baadaye.

Somo kwa mkulima na mchuuzi

Kwanza, bei ni habari. Mnunuzi asiyeijua bidhaa yako huanza kuipima kwa bei uliyoitaja. Ukiuza asali ya Manyoni katika chupa iliyokwisha tumika, kwa bei ya kutupa, unamwambia mteja kuwa huna imani nayo. Lumbesa ni hivyo hivyo. Mbali ya kukatazwa na sheria ya vipimo, inamfundisha mnunuzi kuwa mali yako haina thamani mpaka umwongezee kilemba juu ya gunia.

Pili, bei kubwa lazima ibebwe na uchambuzi. Almasi mbaya haichanganywi na nzuri. Mkulima wa zabibu wa Dodoma anayetenga vichala safi vya kula na vile vya kwenda kiwandani anaweza kutaja bei mbili. Anayechanganya atalipwa bei ya vile vibaya. Anayepandisha bei bila ubora atampata mteja mara moja tu.

Tatu, zawadi iende mahali pa kuonekana. Kuku wa kienyeji wa Singida, au chupa chache za mafuta ya alizeti yaliyochujwa vizuri, vikipelekwa kwa mpishi wa hoteli anayesikilizwa na wenzake, vinaweza kufanya kazi kuliko punguzo la bei kwa kila mpita njia. Lakini toa kilicho bora kuliko vyote, na kiwe na jina na mahali kilipotoka.

Nne, na hili ndilo gumu, anayetaka kulinda bei lazima aweze kusubiri. Almasi haiozi. Alizeti na ufuta vinasubiri vikitunzwa vizuri. Zabibu haisubiri, labda ikaushwe au isindikwe. Na mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa kesho hasubiri hata kama zao lake linasubiri. Williamson alikuwa na mbia, akiba na ghala. Kwa mkulima mdogo, mbia huyo ni kikundi au chama cha ushirika, akiba ni Saccos, na ghala ni mfumo wa stakabadhi ghalani uliowekewa sheria mwaka 2005. Bila moja ya hayo, kukataa bei ya mnunuzi ni maneno tu, naye analijua hilo kabla hajashuka kwenye gari.

Wachimbaji waliokimbilia rubi za Winza, wilayani Mpwapwa, kuanzia mwaka 2007, na wale wanaochimba mawe ya kijani ya Haneti, wanaijua tofauti kati ya bei ya shimoni na bei ya dukani. Mkulima naye anayo Mwadui yake ndogo ghalani. Kabla ya msimu ujao, akae na wenzake waamue mambo mawili: bei ambayo hawatashuka chini yake, na siku ngapi wanaweza kukaa bila kuuza.