Askofu Steere na Mtambo Wake: Funzo kwa Watumishi wa Leo

Mjadala kuhusu matumizi ya akili unde makanisani umepamba moto. Wapo wahubiri wanaoiachia programu ya kompyuta iwaandikie mahubiri, na wapo wanaoiona kuwa chombo cha Ibilisi. Kabla ya kuegemea upande wowote, yafaa tuyachungue maisha ya Edward Steere, mtu aliyekipokea chombo kipya katika utumishi wake na kukijua mpaka wake.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alifuzu kuwa wakili mwaka 1850, lakini hakudumu katika kazi hiyo. Akawa kasisi wa mashambani. Mwaka 1863 aliandamana na rafiki yake, Askofu William Tozer, hadi Mlima Morambala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Homa na vifo viliwafukuza huko, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Hapo Sultani Majid aliwakabidhi wavulana 5 waliotekwa kutoka jahazi la watumwa. Wavulana hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni kisiwani.

Wanafunzi walikuwapo, vitabu havikuwapo. Steere akaweka mtambo wa kupigia chapa, na vijana waliokombolewa utumwani wakafundishwa kupanga herufi na kuchapa kurasa. Mnamo 1867 mtambo huo ulitoa Hadithi za Kiingereza, masimulizi ya tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili.

Hata hivyo, mtambo haukumfundisha Steere Kiswahili. Lugha hiyo aliipata kwa kuketi na wenyeji, kuwauliza na kusikiliza ngano zao. Mwaka 1870 alizichapisha ngano hizo mjini London, pamoja na kitabu chake cha sarufi. Alipozitafsiri sehemu za Biblia, alitafuta msaada wa wajuzi wa lugha, wakiwamo wanazuoni wa Kiislamu. Kisha alichapa sehemu ndogo ndogo, akazisahihisha, na kuzichapa tena. Mtambo ulieneza maneno ambayo tayari yalikuwa yamepimwa na masikio ya watu.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Mkunazini, mahali palipokuwa na soko hilo. Steere, aliyetawazwa kuwa askofu mwaka 1874, aliusimamia ujenzi yeye mwenyewe. Wanaowatembeza wageni kanisani humo husimulia hadi leo kwamba baadhi ya nguzo zilisimamishwa juu chini wakati askofu hayupo. Kiwe kisa cha kweli au cha kuchangamsha, maana yake iko wazi: kazi ikikosa jicho la mwenyewe huenda kombo.

Steere alifariki Unguja mwaka 1882, akazikwa katika kanisa hilo. Alikuwa amekwisha kulikamilisha Agano Jipya kwa Kiswahili. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891.

Sasa turejee kwa akili unde. Chombo hiki kinaweza kumsaidia mchungaji kupanga ratiba, kufupisha ripoti, au kutoa rasimu ya somo la watoto. Lakini hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na lugha nyingi za Afrika zina maandishi machache. Ndiyo maana tafsiri zake hupotoka. Tena huweza kubuni aya isiyomo katika Biblia na kuitaja bila kusita. Zaidi ya hayo, hakimjui mjane aliyefiwa juzi wala kijana aliyekosa karo. Mhubiri anayekisomea waumini kisichopitia moyoni mwake amewanyima kitu ambacho hakuna mtambo uwezao kukifidia. Na anayekitajia siri za waumini waliomwamini amezifikisha mahali asipopajua.

Walimu na wanafunzi, hasa wale wa somo la dini, wana wajibu hapa. Mwanafunzi atakayekuwa mchungaji kesho aanze leo kuhakiki kila aya anayopewa na mashine, na kuionyesha kila tafsiri kwa mzee anayeijua lugha. Steere alisikiliza kwanza, akachapa baadaye. Tukiubadili utaratibu huo, tutapata mahubiri mengi yasiyomfaa mtu yeyote.