Edsger Dijkstra na Istilahi za Tarakilishi

Mwaka wa 1957 kijana mmoja wa Kiholanzi alifika mbele ya maofisa wa mji wa Amsterdam ili afunge ndoa na mchumba wake, Maria Debets. Sheria ilimtaka ataje kazi yake. Alieleza kwamba yeye ni mtunzi wa programu za tarakilishi. Maofisa walilikataa jibu hilo kwa kuwa, kwa kadri walivyojua, hapakuwa na kazi ya namna hiyo. Ilibidi aandikishwe kuwa mwanafizikia wa nadharia. Bwana arusi huyo alikuwa Edsger Wybe Dijkstra, na kinaya ni kwamba tangu mwaka wa 1952 alikuwa akilipwa mshahara na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam kwa kazi hiyo hiyo iliyodaiwa kuwa haipo.

Dijkstra alizaliwa mjini Rotterdam tarehe 11 Mei 1930. Babake alikuwa mwalimu wa kemia, naye mamake alikuwa mwanahisabati ambaye hakuwahi kuajiriwa rasmi. Alipokuwa akisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden, alihudhuria mafunzo ya wiki 3 kuhusu utunzi wa programu huko Cambridge, Uingereza, mwaka wa 1951. Kwa muda alivutwa na fizikia upande mmoja na tarakilishi upande wa pili. Aliona haya kuingia katika kazi isiyokuwa na msingi wa kitaaluma. Mkuu wake, Adriaan van Wijngaarden, alimweleza kwamba tarakilishi hazikuwa mzaha wa kupita, na kwamba huenda yeye akawa miongoni mwa watakaoijengea kazi hiyo msingi uliokosekana. Tangu hapo hakutazama nyuma.

Umaarufu wake wa kwanza ulitokana na kanuni ya kutafuta njia fupi zaidi kati ya miji miwili. Aliibuni mwaka wa 1956 kwa takriban dakika 20, akiwa mkahawani na mchumba wake, bila kalamu wala karatasi. Aliichapisha mwaka wa 1959. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa lugha, sehemu yenye mvuto zaidi ya maisha yake ni ile ya istilahi.

Tatizo lilianza na tarakilishi iliyoitwa X1. Mashine za awali zilifanya jambo moja kwa wakati mmoja, zikiingoja mashine ya kuchapa imalize ndipo ziendelee. X1 iliundwa ili iweze kukatizwa: iache hesabu iliyokuwa ikiifanya, ishughulikie kifaa kilichoita, kisha irejee ilipoachia. Dijkstra aliingiwa na hofu. Ikiwa ukatizaji unaweza kutokea wakati wowote, kosa linaweza kujitokeza leo na lisionekane tena kwa mwezi mzima, na mtunzi wa programu hatakuwa na njia ya kulirudia ili alichunguze. Kazi aliyoifanya juu ya suala hilo ndiyo iliyompa shahada ya uzamifu mwaka wa 1959. Mwaka uliofuata, yeye na Jaap Zonneveld walikamilisha kompaila ya lugha ya ALGOL 60. Inasimuliwa kwamba waliapa kutonyoa ndevu hadi kazi iishe. Zonneveld alinyoa zake mara moja. Dijkstra alibaki na zake maisha yake yote.

Mwaka wa 1962 alihamia Eindhoven kuwa profesa wa hisabati katika chuo cha ufundi cha mji huo. Hapo, akiwa na kikundi kidogo cha wasaidizi, alianza kuunda mfumo wa uendeshaji ulioitwa THE, jina lililotokana na herufi za kwanza za jina la chuo. Mfumo ulipangwa kwa matabaka, kila tabaka likitegemea lililo chini yake tu. Ndani yake michakato mingi iliendelea kwa pamoja, na ilihitaji kupishana bila kugongana.

Kwa hitaji hilo aliazima neno kutoka kwenye reli: semafori, yaani ule mkono wa ishara unaoruhusu au kuzuia gari moshi kuingia katika kipande cha njia. Semafori ya Dijkstra ni namba tu, na inatendwa mambo mawili. Mchakato unaotaka kuingia hujaribu kuipunguza. Ikiwa ni sifuri, mchakato husubiri. Unaotoka huiongeza, na aliyekuwa akisubiri hupata nafasi. Vitendo hivyo aliviita P na V. Awali herufi hizo zilihusishwa na maneno ya Kiholanzi ya kupita na kuachilia. Baadaye V ikafasiriwa kuwa verhogen, yaani kuongeza. Kwa bahati mbaya kitenzi cha kupunguza, verlagen, nacho huanza kwa V. Dijkstra hakukwama: alibuni neno prolaag, mkato wa maneno yenye maana ya kujaribu kupunguza, ambalo halikuwamo katika kamusi yoyote. Mbinu hiyo ya ufupishaji na uambatishaji ni ile ile tunayoikuta katika uundaji wa istilahi za Kiswahili. Hivyo wanafunzi wa tarakilishi kote duniani hufundishwa herufi mbili za lugha yenye wasemaji wachache, aghalabu bila kujua asili yake.

Katika maandishi yake ya mwaka wa 1965 alilipa jina pia tatizo jingine, akaliita kumbatio la mauti. Mchakato mmoja umeshika kifaa na unangoja cha pili. Ule mwingine umeshika hicho cha pili na unangoja cha kwanza. Hakuna anayeachia, na wote wawili wanakwama milele. Wataalamu wa baadaye walipendelea istilahi kavu zaidi, yenye maana ya mkwamo tu. Tamathali ya Dijkstra ingali na nguvu zaidi, maana inaonyesha kwamba kila upande umeshikilia kinachomuua mwenzake. Aidha aliwatungia wanafunzi swali la mtihani kuhusu tarakilishi 5 zinazogombea vifaa vya kanda; Tony Hoare ndiye aliyelivisha vazi la wanafalsafa 5 mezani wenye uma chache, na kwa vazi hilo linajulikana hadi leo.

Mfumo wa THE ulifaulu, lakini idara yake haikuuthamini na kikundi kilivunjwa. Dijkstra alishikwa na sonona kali. Aliandika ili ajitibu, na kilichotokana na maandishi hayo ni nadharia ya utunzi wa programu kwa mpangilio maalumu. Mwaka wa 1972 alitunukiwa Tuzo ya Turing.

Mwaka wa 1974 alichapisha makala ya kurasa 2 tu kuhusu mifumo inayojitengemaza. Alionyesha kwamba mashine zilizopangwa kwa duara, kila moja ikiwaona majirani zake pekee na bila kiongozi anayeziona zote, zinaweza kuanza katika vurugu yoyote na hatimaye zikajirudisha katika utaratibu. Makala hiyo ilipuuzwa kwa takriban miaka 10, hadi Leslie Lamport alipoisifu hadharani mwaka wa 1983. Leo ni miongoni mwa misingi ya taaluma ya tarakilishi zilizosambazwa.

Mtu huyu hakuwa mwepesi wa kuishi naye kitaaluma. Alikuwa mkali, na baadhi ya hukumu zake juu ya kazi za wenzake zilipita kiasi. Hata hivyo, ukali wake kuhusu lugha ulikuwa na sababu. Aliamini kwamba mtunzi wa programu anahitaji kuimudu lugha yake ya mama kwa kiwango cha juu. Alipinga desturi ya kuita makosa ya programu wadudu, kana kwamba yamejipenyeza yenyewe gizani. Alitaka yaitwe makosa, ili aliyeyatenda awajibike.

Tangu mwaka wa 1984 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, hadi alipostaafu mwaka wa 1999. Miaka yote hiyo aliandika kwa kalamu ya wino, akawatumia wenzake nakala zilizopewa namba baada ya herufi za jina lake, EWD. Ya mwisho, namba 1318, ni ya Aprili 2002. Wakati huo saratani ilikuwa imemrejesha nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi. Mwaka huo makala yake ya mwaka wa 1974 ilipewa tuzo ya wataalamu wa tarakilishi zilizosambazwa. Alifariki tarehe 6 Agosti 2002, na mwaka uliofuata tuzo hiyo ikabadilishwa jina na kuitwa Tuzo ya Dijkstra.