Kingelez, fundi aliyejenga kwa kartoni mji usio na askari

Zaidi ya miaka 10 imepita tangu Bodys Isek Kingelez afariki Kinshasa, lakini miji aliyoijenga ingali imesimama. Si miji ya saruji wala matofali. Aliijenga juu ya meza, kwa kartoni, karatasi za rangi, gundi, vifuniko vya chupa na maboksi matupu ambayo wengine walikuwa wameyatupa.

Kingelez alizaliwa tarehe 27 Agosti 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, eneo lililokuja kuwa jimbo la Bandundu, wakati Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji. Mwaka 1970 alihamia Kinshasa kuendelea na masomo, kisha akawa mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliacha kufundisha. Alichukua makasi, wembe, karatasi na gundi, akaanza kutengeneza nyumba ndogo iliyokuwa ikimsumbua kichwani.

Alipoipeleka kwenye Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, wataalamu wa pale hawakuamini. Walimshuku kuwa ameiiba. Ili kujiondolea tuhuma hiyo, ilimbidi atengeneze nyingine mbele ya macho yao. Alifanya hivyo, na badala ya kufukuzwa akaajiriwa kukarabati vitu vya kale vya makumbusho hayo. Baada ya miaka kadhaa aliiacha kazi hiyo pia, ili ashughulikie majengo yake tu.

Mwaka 1989 alialikwa Paris, Ufaransa, kwenye maonyesho makubwa yaliyoitwa Magiciens de la Terre, yaliyokusanya wasanii kutoka mabara yote. Hapo ndipo jina lake lilipovuka mipaka ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo.

Mwanzo alitengeneza jengo moja moja. Mwaka 1991, ukimwi ulipokuwa ukiua watu wengi, alijenga mfano wa kituo cha kisayansi cha kuwatibia wagonjwa. Baadaye akaanza kujenga miji mizima, na mwaka 1994 akarudi kijijini kwao, lakini kwa karatasi. Katika kazi aliyoipa jina la Kimbembele Ihunga, yenye urefu wa zaidi ya mita 3, kijiji cha wakulima kina uwanja wa mpira, stesheni ya treni, barabara pana na maghorofa ya rangi kali. Hakukichora kama alivyokiacha. Alikipa kila alichoona kijiji chake kinastahili na ambacho hakuna serikali iliyokuwa imekipelekea.

Mwaka 1996 alimaliza Ville Fantôme, mji wenye urefu wa karibu mita 6. Kwa maelezo yake, huo ni mji wa amani ambao hauhitaji polisi wala jeshi, na kila mtu anatembea huru.

Mwaka huohuo vita vilianza mashariki mwa nchi. Machi 1997 waasi wa AFDL waliingia Kisangani, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huo kwa siku 6, yakaua raia kwa mamia. Kwa wakaaji wa Kapalata, mtaa ambao jina lake limehusishwa kwa muda mrefu na kambi ya wanajeshi, mji usio na askari si wazo dogo. Kingelez aliufikiria akiwa Mkongomani anayejua nchi yake, tena akaupanga barabara kwa barabara, jengo kwa jengo.

Alifariki tarehe 14 Machi 2015, akiwa na miaka 66. Miaka mitatu baadaye jumba la makumbusho la MoMA, New York, Marekani, lilimwandalia maonyesho makubwa yaliyoendelea hadi Januari 2019.

Sehemu kubwa ya kazi zake iko ng'ambo, mikononi mwa makumbusho na wakusanyaji matajiri. Kijana wa Kisangani anayetaka kuziona huenda akaishia kwenye picha za simu. Lakini vifaa alivyotumia haviko mbali: kartoni zimejaa sokoni, na wembe na gundi vinauzwa kwenye kila duka la mtaani.