Alessandro Volta, mtu wa ziwa aliyetuachia batri

Pale Kirotshe, kandokando ya ziwa Kivu, jua likishazama pano ya sola inakuwa kama bati tu. Kinacholeta mwanga usiku ni batri. Ile ya kwanza ilitengenezwa na Mwitalia mmoja, naye pia mtoto wa ziwa.

Alessandro Volta alizaliwa Como tarehe 18 Februari 1745. Alichelewa sana kusema, mpaka wazazi wakadhani ni bubu. Hakupitia chuo kikuu, lakini alisoma sana, na mwaka 1774 akapewa kazi katika shule ya mji wake.

Mwaka 1776 alienda ziwa Maggiore, pale Angera. Alikoroga matope kwa fimbo, akakusanya mapovu yaliyopanda, na hewa ile ikashika moto. Ndiyo tunaiita leo gazi metani. Gazi hiyo hiyo iko chini ya ziwa Kivu, karibu kilomita za ujazo 60. Ng'ambo, Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kinaigeuza umeme, karibu megawati 26.

Baadaye Volta alibishana na mtaalamu mwenzake, Luigi Galvani. Galvani aliona miguu ya chura aliyekufa ikirukaruka ikiguswa na vyuma viwili, akaamini umeme unatoka kwa mnyama. Volta alikataa: ni vile vyuma viwili tofauti vikikutana na unyevu. Mwaka 1800 alihakikisha. Alipanga visahani vya zinki na vya fedha, kimoja juu ya kingine, na katikati vitu vilivyolowa maji ya chumvi. Umeme ukatoka mfululizo, si cheche tu ya mara moja.

Mwaka uliofuata alimwonyesha Napoleon kazi hiyo Paris. Alikufa tarehe 5 Machi 1827. Zile volti 12 zinazoandikwa juu ya batri ni jina lake.

Batri yake haikuweza kushajiwa. Ya kushajiwa ilikuja mwaka 1859, kazi ya Mfaransa Gaston Planté. Za leo, baadhi zinahitaji kobalti, na Kongo ndiyo inatoa nyingi kuliko nchi zote. Lakini huku Masisi wengi wangali wanapika na makala, msitu unaisha, na watoto wanasomea gizani. Volta alianza na matope ya ziwa na vipande vya chuma. Sisi tuko na ziwa, jua na madini. Batri ndiyo bado haijafika kwa kila nyumba.